Pepo Akishuka, Nani Anabaki?

Nakala yangu ya Freshwater imesomwa na watu sita, na kila mmoja amenirudishia pamoja na hukumu yake. Wa kwanza alisema ni kitabu cha baipola kilichovalishwa ngozi ya chatu. Wa pili, mtu wa kesha na maombi, alinishauri nikichome, na kama siwezi basi angalau nisikiweke chumba ninacholala. Wa tatu alikimaliza kwa usiku mmoja akanipigia simu saa kumi na moja alfajiri akilia, ati hatimaye kuna mtu amemwelewa. Wa nne na wa tano walikwama mapema wakakirudisha kimya kimya. Wa sita ni binti wa mama yangu mdogo. Ni kwa sababu yake naandika haya, miaka kibao baada ya kila mtu kumaliza kukiandikia kitabu hiki.

Kwa ambaye hajakisoma: Freshwater ni riwaya ya kwanza ya Akwaeke Emezi, ilitoka 2018. Inamfuata Ada, mtoto wa baba Mwigbo na mama Mtamil wa Malaysia, anayezaliwa Nigeria akiwa na roho ndani yake. Roho hizo zilifaa kusahau zilikotoka, kama zinavyosahau roho zetu wengine tukizaliwa, lakini kuna mlango uliachwa wazi. Basi zinakaa ndani ya mtoto zikiwa macho, zinakumbuka ndugu zao wa upande wa pili, na ndizo zinazosimulia. Zinajiita “sisi”. Ada anakua, anaenda chuo Virginia, mpenzi wake anambaka, na kutoka katika kidonda hicho anatokea Asụghara, roho mwenye jina lake mwenyewe, hasira zake mwenyewe na sura zake mwenyewe za kusimulia. Asụghara anamlinda Ada. Asụghara huyo huyo anataka Ada afe ili warudi nyumbani.

Emezi amesema wazi kwamba hii si hadithi ya mtu mwingine. Yeye ni ọgbanje, yule mtoto wa Kiigbo anayezaliwa ili afe, arudi, azaliwe tena. (Kiswahili kina raha yake hapa. Wahakiki wa Kiingereza wametoka jasho na viwakilishi vya Emezi. Sisi tunasema “yeye” na maisha yanaendelea.)

Sasa, kuna namna mbili ambazo kitabu hiki kimesomwa hapa mjini, na zote mbili nimewahi kuzitetea mezani kwa sauti kubwa.

Ya kwanza inasema: roho ni sitiari. Msichana ana kiwewe, nafsi imepasuka vipande, na mwandishi kwa ustadi wake amevipa vipande hivyo majina ya Kiigbo. Usomaji huu una adabu ya kizungu na unakubalika darasani. Tatizo lake ni kwamba kitabu chenyewe kinaukataa. Ada anakwenda kutafuta jina la kitabibu la hali yake, anasoma dalili, anajaribu kuzungumza na mtaalamu, na Asụghara analichukulia hilo kama usaliti wa nyumbani. Ukisema Asụghara ni dalili, lazima ueleze kwa nini dalili ina akili kuliko daktari na inaandika sentensi nzuri kuliko mgonjwa. Sitiari huwa haikujibu. Huyu anajibu.

Ya pili inasema: roho ni roho, na hospitali ni ukoloni. Hii ndiyo niliyoipenda zaidi nikiwa chuo, na bado siitupi, kwa sababu Nairobi tuna ushahidi wake. Mathari ilianza 1910, na jina lake la kwanza kwa Kiingereza lilikuwa la nyumba ya kufungia wendawazimu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1930 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari aliyekuja baadaye kuandika, kwa ufadhili wa Shirika la Afya Duniani, kitabu cha 1953 kuhusu akili ya Mwafrika. Humo, na katika makala zake za wakati ule, Mwafrika mzima asiye na ugonjwa wowote anafananishwa na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamtumia kueleza Mau Mau, naye akaieleza kama tatizo la nafsi za Wakikuyu zilizopotea kati ya mila na usasa. Ardhi haikuwa mgonjwa wake, ikakaa pembeni.

Na katikati ya utawala wake Mathari, 1945, aliletwa pale Elijah Masinde. Mbukusu, mwanasoka wa zamani, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Aliwaambia watu warudi kwa Mungu wa wahenga wao na wasitii amri za wakoloni. Walimfungia kama kichaa mpaka 1947. Msambwa, kwa wasiojua, inahusu mizimu ya wahenga. Yaani mtu anasema mababu zake wanaongea kupitia kwake, wanasema Mwingereza aondoke, na jibu la serikali ni kitanda cha Mathari. Nikikumbuka hilo siwezi kumcheka mtu anayesita kwenye lango la hospitali ya akili. Frantz Fanon, ambaye kitabu chake tunacho kwa Kiswahili kama Viumbe Waliolaaniwa, alimshughulikia Carothers vizuri, na sina la kuongeza.

Ila Fanon huyo huyo alifanya jambo ambalo wapenzi wake wa mtandaoni hawalitaji. Akiwa daktari Blida, Algeria, alitoa makala 1956 pamoja na mwenzake François Sanchez kuhusu jinsi Waislamu wa Maghreb wanavyomwona mwendawazimu. Waliona kwamba kule, mtu akivurugikiwa, anayelaumiwa ni jini. Mgonjwa mwenyewe hana hatia. Akimtukana jirani leo, kesho akitulia hakuna anayemwekea kinyongo, kwa sababu si yeye aliyetukana. Fanon hakuamini majini yanatibu. Aliona tu kwamba jamii inayomwamini jini imempa mgonjwa kitu ambacho Ulaya haikumpa: njia ya kurudi bila aibu.

Shika hilo, maana hapo ndipo ugomvi wangu na Freshwater unapoanzia.

Kwetu Pwani, upande wa mama, pepo “hupanda” na “hushuka”. Mtu anayepandwa anaitwa kiti. Sikiliza hayo maneno vizuri. Kiti ni cha kukalia. Pepo anakuja kutoka kwake, Uarabuni au Uhabeshi au Umasaini au Bukini, anakaa, anasema haja yake, anaondoka. Ana kabila, ana lugha, ana rangi ya nguo anayoipenda, ana chakula. Mganga anachoma ubani, ngoma zinapigwa, nyimbo zinajaribiwa moja moja mpaka ule wa kwake ufike na aitike. Kisha anaulizwa: wewe nani? Umetoka wapi? Unataka nini kwa mtoto wa watu? Na hapo, wueh, orodha inaanza. Kanga. Pete. Marashi. Mbuzi. Ngoma ya siku kadhaa. Mume anasimama pale anahesabu akilini.

Watafiti wamebishana sana kuhusu hizi ngoma. Kuna waliosema ni silaha ya wanawake waliobanwa, njia ya kupata kanga bila kuomba. Linda Giles, aliyefanya utafiti Pwani yetu, aliandika 1987 kupinga maelezo hayo mepesi: akasema wanaopandwa si wanyonge tu, na mapepo yenyewe ni namna ya jamii kujisimulia. Nakubaliana naye. Ila mimi kinachonivuta ni kitu kidogo zaidi. Katika kilinge, pepo anaongea mbele za watu. Mama mkwe yupo. Jirani yupo. Mtoto amechungulia mlangoni. Anachosema pepo kinakuwa deni la wote waliosikia. Na akishuka, kiti anafuta jasho, anauliza nimesema nini, anapewa maji.

Ada hana chumba kama hicho. Roho za Freshwater zinaongea na msomaji, zinaongea zenyewe kwa zenyewe, zinaongea na Ada ndani ya ukumbi wa marumaru walioujenga kichwani mwake. Mama yake hasikii. Kaka na dada hawasikii. Mume hasikii vizuri. Kwa kitabu kinachosifiwa kwa kuturudisha kwenye elimu ya mababu, kina upweke wa kutisha, upweke wa fuvu moja. Linganisha na ọgbanje mwingine tunayemjua, Ezinma, katika Shujaa Okonkwo. Siku ya kufukua kile kinachomfunga na dunia ya roho, kijiji kizima kinakuja. Mganga anamuuliza mtoto amekizika wapi, mtoto anawazungusha watu msituni na kuwarudisha mpaka ua wa baba yake, Okonkwo anachimba jasho likimtoka, majirani wamesimama wanaangalia shimo likizidi kwenda chini. Achebe hakuhitaji kutuambia kama ọgbanje ni kweli au si kweli. Aliuonyesha umati.

Mtu atasema: lakini Ada yuko Marekani, angetoa wapi umati? Ni kweli, na nadhani Emezi anajua. Sehemu zinazoniuma zaidi kitabuni ni pale “sisi” inapotokeza kama wingi wa watu kwa msichana ambaye hana watu. Hiyo ni kazi kubwa ya lugha. Nimejaribu kutafsiri kurasa mbili tatu kwa Kiswahili na nikagundua kiambishi kidogo “tu” kinafanya kazi ambayo Kiingereza kinahitaji kuirudia rudia kama kengele. Tulilala. Tuliamka. Tulimpenda. Siku moja mtu amtafsiri Emezi mzima.

Lakini kuna kitu kingine, na hiki si suala la ukumbi wala umati. Ọgbanje hapandwi. Wahakiki wengi waliandika kwamba Ada “amepagawa”, na hapo wamekosea tangu neno la kwanza. Aliyepagawa ni mtu aliyeingiliwa na kisicho yeye. Ada, kadiri riwaya inavyosonga, anaongozwa kwenye jibu tofauti kabisa: hakuna mtu aliyeingiliwa. Yeye ndiye roho. Kutulia kwake mwishoni kunakuja anapoacha kujitafuta kama binadamu mwenye wageni na kukubali kwamba mgeni ndiye mwenye nyumba. Kwa lugha ya kwetu: hapakuwahi kuwa na kiti.

Na kimuundo kitabu kinalisema hilo kabla ya Ada kulikubali. Hesabu sura. “Sisi” wana nyingi, Asụghara ana nyingi, Ada mwenyewe amepewa chache sana. Mwanzoni nilidhani ni kasoro. Baadaye nikaona ni msimamo.

Kama msimamo wa Emezi kuhusu maisha yake, mimi ni nani nibishe? Anaeleza anachokijua kwa mwili wake. Ugomvi wangu ni pale msimamo huo unaposafiri bila pasipoti, ukafika Umoja au Kongowea, ukawa dawa ya kila mtu anayesikia sauti.

Binamu yangu amesikia sauti tangu akiwa na miaka 19. Upande wa mama wakasema ana pepo wa Kihabeshi, na kwa kweli alipotolewa uganga mara ya kwanza alikaa mwaka mzima salama, hilo sitalificha. Upande wa baba wakampeleka kanisani, mapepo yakakemewa kwa maikrofoni mpaka akapoteza sauti yake yeye. Hospitalini alipewa vidonge na dakika chache za mtu aliyekuwa akiandika bila kuinua kichwa. Vidonge vilisaidia. Vilimnenepesha, vikamtetemesha mikono, vikamnyima hamu ya kila kitu ikiwemo kusoma, na vilisaidia. Nikamwazima Freshwater siku za nafuu, kwa sababu alikuwa msomaji kuliko mimi na nilidhani atafurahi.

Wiki kadhaa baadaye alikutwa kando ya Thika Road saa tisa usiku, bila viatu, akiwaeleza walinzi wa kituo cha mafuta kwamba anaitwa nyumbani. Kitabu kilikuwa kwenye mkoba.

Mnaona nilivyokuwa nimeipanga hii hadithi kichwani. Miezi mingi niliishi na uhakiki wangu tayari umeandikwa: riwaya nzuri, hatari kwa wagonjwa, mimi mwenye hatia. Nilimwambia hivyo alipotoka wodini. Akanitazama kama mtu anayemtazama mwalimu mbaya. “Dada,” akasema, “vidonge niliviacha kabla hata sijakifungua hicho kitabu chako. Vilikuwa vimeisha, na sikutaka kumwomba mama pesa tena.”

Basi. Uhakiki wangu wote ukakosa miguu kwa sababu ya bei ya dawa.

Nilimuuliza basi kitabu kilimfanyia nini. Akasema ni mara ya kwanza ameona sauti zikiandikwa zikiwa na akili. Katika kila kitu kingine alichosoma, mwenye kusikia sauti ni mtu wa kuonewa huruma au ni mtu wa kutumwa ujumbe. Hilo la ujumbe nililielewa mara moja, maana ndilo tatizo la fasihi yetu wenyewe. Tuna wafu wanaorudi na mizimu ya kutosha katika riwaya ya Kiswahili, ila wengi wamekuja kikazi. Chukua Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, riwaya ninayoiheshimu: Babu anatoka kaburini amtikise mjukuu wake K, kigogo aliyeshiba, amwonyeshe nchi ilivyoliwa. Babu ana hoja. Ana siasa. Lakini huwezi kuuliza K anaumwa au haumwi, kwa sababu riwaya haina haja na swali hilo. K ni nchi. Sisi tukiona mzuka kwenye ukurasa wa kwanza tunatafuta serikali kwenye wa pili. Hatujamwandika bado mtu ambaye pepo wake ni pepo tu, anayetaka kanga na kulala.

Na ajabu ni kwamba lugha yenyewe ilishatutayarishia njia. “Wazimu” na “mzimu” ni maneno ya shina moja. Mwendawazimu anatembea nao. Neno halijachagua kati ya kaburi na kliniki, limevibeba vyote kwa karne nyingi bila kulalamika, ni sisi tuliosoma tunaotaka lichague.

Kuna kitu kingine kimebeba vyote viwili, na sikutarajia kukikuta huko: orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika 2022. Humo kuna ugonjwa wa kupagawa. Lakini ili uitwe ugonjwa kuna sharti: hali hiyo isiwe sehemu ya desturi ya pamoja, ya kidini au ya kitamaduni, inayokubalika. Nilisoma sharti hilo mara tatu. Maana yake, kichwa kilekile, sauti zilezile, jasho lilelile, na jibu linategemea pia nani amesimama hapo chumbani na kama anapiga ngoma au anapiga simu polisi. Mganga wa Kwale angewaambia hayo bure.

Sitaki kulifanya hili tamu. Kilinge nacho hukosea. Kuna walioachwa kwenye minyororo huku ngoma ikichangiwa pesa, kuna waliopigwa ili pepo atoke, na kuna maradhi ambayo hata ngoma ya siku saba hayajui ngoma. Binamu yangu anameza vidonge sasa, vya aina nyingine visivyomtetemesha sana, na ubani bado unafukizwa Alhamisi kwa mama mdogo. Hakuna aliyewaambia madaktari na hakuna aliyemwambia mchungaji.

Nilimwuliza mara moja tu kama anajiona ọgbanje. Tulikuwa jikoni, anamenya viazi. Alifikiri sana. Akasema Ada ana bahati, roho zake zinampenda. “Wangu wanakuja, wanakula, wanaenda. Mimi ndiye naosha vyombo.”

Nimeirudia riwaya nzima baada ya hapo, na kwa mara ya kwanza niliisoma nikimtafuta huyo anayeosha vyombo. Yupo, ukitafuta. Yupo Ada anayesali kwa Yeshua wa kitabuni ambaye hamshiki mkono anavyotaka, Ada anayesoma dalili peke yake usiku, Ada wa zile sura chache anazopewa, akiongea kwa sauti iliyochoka na nyepesi, bila mapambo ya Asụghara. Ni maandishi tofauti kabisa. Kama Emezi angempa kurasa hamsini zaidi sijui kama kitabu kingesimama. Huenda kingekuwa kitabu kingine, kidogo, kisichotafsiriwa popote. Ningekinunua.

Nakala yangu ilirudi Desemba. Jalada limepinda, kuna doa la chai kwenye ukurasa wa chatu anayekatwa na panga la baba. Binamu yangu ana tabia mbaya ya kupiga mistari kwenye vitabu vya watu, kwa penseli, na sikumgombeza. Sura za “sisi” ni safi. Za Asụghara ni safi. Amepiga mstari za Ada peke yake, karibu kila sentensi.